Mulango ya karatasi

Kama ulikuwa unatembea na Moniteri, mwalimu yetu, mu njia ya Kalembe, na yeye anaruka gafula mu majani, usiogope nyoka. Mama mukwe njo alikuwa anakuja. Anaweza kuwa mbali bado, kule chini ya kilima, na kitunga ya viazi ku kichwa, na sisi benye tulisema tuko na macho hatujamuona. Moniteri alishaona kitambaa. Anaingia mu majani mupaka ku magoti, anageuza mugongo, anasimama kule kama nguzo yenye walisahau kujengea nyumba. Mama mukwe naye akifika karibu anavuta kitambaa ku uso, anapita mbio mbio. Kisha Moniteri anatoka, anatoa miiba mu kaptula, na anaendelea na maneno yake pale tu aliiachia.

Ule mama mukwe ni mama yangu. Moniteri alioa dada yangu mukubwa. Kwetu, bwana ya mutoto na mama ya mutoto habaonani uso, habaitani jina, habasemezani. Si uadui. Ni haya, na ile haya njo heshima yetu ya kwanza. Mama yangu alimupenda sana. Kila mavuno alimutumia maharagi, na kila mara aliuliza kama amekula. Lakini aliuliza mimi.

Mimi sasa nilikuwa shemeki yake, na kwetu shemeki ni muntu wa kuchekesha. Iko kama kazi ya serikali, ila hailipi. Nilimuambia ya kama bantu ya pori ya Walikale banakula uyoga juu habajue kulima. Aliniambia ya kama sisi bantu ya Masisi tunalima juu tunaogopa miti. Kila asubui tulitukanana vizuri mbele ya kanisa, na kila muntu aliendelea na kazi yake na roho safi.

Kwao na ukoo yake sitasema mingi, sikuuliza. Alitoka upande wa pori, ba Padri balimutuma kwetu kufundisha miaka ile kisha ya vita ya Bazungu, njo basi. Nitasema kile niliona.

Kwanza, alikuwa anafunga vifungo ya shati vibaya. Kila siku. Kifungo ya juu inaingia mu tundu ya pili, na kola moja inakuwa juu kama sikio ya mbwa. Muntu mwenye alichapa batoto fimbo ku vidole juu herufi moja inalala, shati yake yote ilikuwa inalala. Dada yangu alichoka kumufungulia. Ile vifungo muikumbuke, nitairudilia.

Pili, alikuwa mutoto ya bawindaji, alisema baba yake aliua chui, lakini ng'ombe ilimushinda. Akiona ng'ombe anatafuta mulango. Siku moja ng'ombe moja ya bachungaji ya Burungu yenye balikuwa banapita iliingiza kichwa yote mu mulango ya klasi na ikabakia pale, inatafuna, inatuangalia. Moniteri alienda nyuma ya tablo, ile ubao ya kuandikia. Batoto balitaka kuifukuza na mawe. Alikatala. Alisema kila muntu achukue ardwazi yake, kile kibao ya jiwe, amuandikie ng'ombe barua, amuombe atoke.

Na mimi nilikuwa mule mu klasi, ku banki ya nyuma, ile meza ya kushikamana na kiti. Musifikiri nilikuwa mutoto. Nilikuwa na ndevu. Niliingia masomo nikiwa muntu muzima, juu dada yangu alinisukuma, na magoti yangu ilikuwa inainua banki pamoja na batoto tatu benye balikaa juu yake. Nilifanya miaka mbili, kisha nikaenda kulima. Bantu bakiniuliza kama nilimaliza shule, nasema nilimaliza nusu: ile ya kuingia.

Niliandika: «Ng'ombe, toka.» Moniteri alichungulia ardwazi yangu kutoka nyuma ya tablo.

«Umesahau kumusalimia,» akasema.

Barua ya mutoto mumoja ilichaguliwa. Ilikuwa na salamu, ilikuwa na habari ya afya, ilikuwa na ombi, na ku mwisho ilimuuliza ng'ombe kama batoto yake balikuwa bazima. Balimusomea. Ng'ombe ilitafuna kidogo, ikatoa kichwa, ikaenda. Moniteri alitoka nyuma ya tablo na kola yake juu, akasema, «Munaona?» Hakucheka. Hakujua kama iko kitu ya kucheka.

Njo vile alikuwa. Alikuwa na imani mu barua kuliko muntu yeyote nilionaka. Wakati ule ba papa mingi na ba kaka balikuwa mbali, ku migodi, ku barabara, ku mashamba ya Bazungu, na barua zenye zilifika zilisomwa na katekista mbele ya kila muntu. Moniteri alitaka kila nyumba ikuwe na mutoto mwenye anaweza kusoma na kujibu, ili maneno ya bwana na bibi isipite tena mu kinywa ya kanisa. Na sheria zake zilikuwa zile zile: juu kabisa unaandika mahali uko, kisha unasalimia, kisha habari ya mwili, kisha neno yenyewe, na ku mwisho lazima uulize kitu. Bila kuuliza, alisema, mwenzako atajibu nini? Na alikuwa anasema kitu kingine, kila wakati, mupaka tulimuiga mu njia: «Barua ikifika, ule mwenye aliiandika ameingia mu nyumba. Umupe kiti.»

Sisi tulicheka. Yeye alisema kweli. Nilimuona na macho yangu akifungua barua ya kaka yake: kwanza alivuta kiti moja mbele yake, kiti mutupu, kisha akasoma.

Sasa vitabu yake. Ile ya ba Padri ilikuwa kidogo na ilikuwa na picha ya teluji, na nyumba zenye moshi inatoka juu. Batoto bangeandikia nani mule? Moniteri alitengeneza yake. Alienda mupaka Hombo kutafuta karto, ile karatasi ngumu ya kupangia sabuni, kwa bachuuzi, na ile karatasi ya bluu ya kufungia sukari. Gundi alipika na bunga ya muhogo. Rangi nyeusi ni makaa, nyekundu ni unga ya ngula yenye banamuke ya kwao banapakaa mu mwili, kijani ni majani yenye alitafuna yeye mwenyewe, na siku ile alikuwa anafundisha na meno ya kijani.

Kitabu ilikuwa kubwa kama meza ndogo. Kila ukurasa ilikuwa na nyumba moja, na nyumba ilikuwa na mulango ya karatasi. Unafungua mulango, muntu iko ndani. Chini ya mulango kuko mufuko ya bluu, na mu mufuko kuko kikaratasi: ule muntu anakuuliza kitu. Muwindaji ya Walikale anauliza kama kwenu kuko chumvi. Muchungaji ya Burungu amepoteza ng'ombe, na ukivuta kamba, ng'ombe inatoa kichwa nyuma ya kilima kwenye yeye hawezi kuiona, na wewe lazima umuandikie umuambie iko wapi. Muchuuzi ya Hombo anataka kujua muko na ndizi ngapi. Mutoto anajibu, anaingiza barua yake mu mufuko, na kesho yake jibu iko pale. Batoto balijua ni Moniteri anajibu, mukono ilikuwa yake. Ila kila asubui balikimbilia ile mifuko kama kuku.

Mulango ya mwisho ilikuwa ya koko, mama ya mama. Koko muzee na kitambaa ku kichwa, anakaa karibu ya moto, anauliza nani atamutafutia kuni. Wote balimupenda koko. Muwindaji alipata barua moja, mbili. Koko, mufuko yake ilipasuka, Moniteri akaishona na nyuzi ya mugomba. Na koko alijibu muzuri sana: alilalamikia magoti, aliwakaripia benye habaoge, aliuliza kila mutoto jina ya mbuzi yao.

Mwisho ya mwaka ya masomo, ba mama na ba papa baliitwa kuona kazi. Ba mama balikaa upande moja inje, na mama yangu ya mwisho kabisa, mugongo ku shule juu mukwe wake alikuwa mu mulango. Kitabu ililetwa inje ku meza. Mutoto mumoja alifungua mulango ya muwindaji, bantu bakacheka. Alivuta kamba ya ng'ombe, bantu bakapiga mikono. Alifungua mulango ya koko.

Hakuna mwenye alicheka. Mama mumoja, jirani yetu, alisogea, akaangalia, akashika kinywa. Kisha alisema polepole jina ya mama yangu.

Ilikuwa yeye. Paji ya uso yake, midomo yake, macho yenye inashuka kidogo ku mwisho kama imechoka na wewe. Mimi mutoto yake nilisema ni yeye. Papa mukubwa, ndugu ya baba yangu, alisema ni yeye. Na kila muntu aligeuka kumuangalia Moniteri, na swali ilikuwa moja tu, hata kama hakuna aliisema: ulimuona wapi?

Mama yangu aliambiwa na mutoto fulani mwenye alikimbia kumuambia kama ni habari njema. Alivuta kitambaa, akasimama, akaenda nyumbani. Hakutoka tena. Hakuenda shamba, hakuenda misa. Alikula nyuma ya nyumba. Juu kama mukwe wako amekuangalia mupaka anaweza kuchora midomo yako, na amekuweka nyuma ya mulango yenye kila mutoto anafungua na vidole ya ndizi, utapita wapi? Jioni ile ile dada yangu alifika kwetu na mutoto yake mu mugongo na mukeka ku kichwa. Hakulia. Alisema tu, «Niko na haya ya kulala mule.»

Bazee balikaa. Kwetu iko dawa ya ile: mukwe analeta mbuzi ya kuosha uso, mbuzi inakuliwa, mambo imeisha. Papa mukubwa alienda kumuambia, na mimi nikaenda naye.

Moniteri alisema hapana.

«Nikileta mbuzi, nimesema nilimuangalia,» alisema. «Mimi sikumuangalia. Hata siku moja.»

«Kama macho yako haikuona,» Papa mukubwa akamuuliza, «mukono yako iliona na nini?»

Moniteri alisema alichora tu koko, koko wa kichwa yake. Papa mukubwa alisema kichwa yake iko na bahati mubaya. Moniteri aliomba basi picha ionyeshwe kwa mama mwenyewe, aseme yeye. Papa mukubwa alimuangalia kama muntu mwenye anaomba kuvua muzee nguo mara ya pili. Njiani, ya kurudi, Papa mukubwa alisema, «Muntu wa pori.» Na mimi, muchekeshaji wa ukoo, nilicheka. Kile kicheko ningali naisikia.

Ningemuambia amuandikie mama barua. Nilifikiri ile, kweli, na nikajijibu mwenyewe: barua ikifika, ule mwenye aliiandika ameingia mu nyumba. Moniteri hangeweza kuingia mule. Sheria yake mwenyewe ilimufungia inje.

Alishindana na sisi wakati ya jua yote. Alipika peke yake, vibaya. Vifungo iliendelea kuwa vibaya zaidi, hata suruali. Kila siku ya Mungu alisimama mbali ku njia ya kwetu, mu majani, mugongo ku nyumba, ili mutoto wake amuone. Mutoto aliita papa, na papa hakuweza kugeuka, juu mama mukwe alikuwa ku kivuli ya nyumba. Aliinua tu mukono, mugongo ku sisi, akapunga. Mutoto aliona mugongo.

Mvua ya kwanza ilimukuta amechoka. Alileta mbuzi. Dume, nyeupe, na doa ku jicho, muzuri sana. Aliifunga ku nguzo, akaenda kusimama mu majani vile inapaswa, na sisi tukachinja. Nasema sisi. Nilipewa muguu ya nyuma juu niko shemeki, na niliikula yote. Nilirudia supu. Iko bantu benye banasema nyama ya haya haina ladha. Ile ilikuwa na ladha.

Dada yangu alirudi kwake. Mama yangu alitoka, akalima, akaenda misa. Mambo ilikuwa imeisha. Ila kesho yake nilikutana na Moniteri mbele ya kanisa na nikamuambia kitu ya uyoga, ile ya kila siku. Aliniangalia. Hakukasirika.

«Nyama ilitosha, shemeki?» akauliza. Si kwa kuchekesha. Aliuliza kama muntu mwenye alipokea wageni.

Nilisema ilitosha. Na tangu pale sikuweza tena kumuangalia ku uso. Tukiongea, niliangalia vifungo. Miaka mingi niliongea na vifungo. Niliijua moja moja: ile ya mufupa, ile ya bati, ile dada yangu alitoa mu gauni yake. Uso yake, mungeniuliza, ningesema ilikuwa uso ya muntu.

Na koko? Moniteri hakupasua ukurasa. Karto ilikuwa kidogo, na nyuma yake kulikuwa picha ingine. Alichukua gundi ya muhogo akafunga mulango, kando zote, akagandamiza na jiwe. Batoto baliuliza koko ameenda wapi. Alisema amelala. Baliendelea kumuandikia. Bale bakubwa baliambia badogo ya kama nyuma ya ile mulango kuko koko mukali na muzuri, na badogo baliingiza barua mu mufuko, balingojea. Koko hakujibu tena. Moniteri alitoa zile barua jioni, akazifunga na kamba, akaweka juu ya kabati. Muntu mwenye alisema kila barua inapaswa jibu.

Sasa nisimufanye mutakatifu. Alikuwa na kichwa ngumu. Kila mwaka balimu wengine balisema batoto baandike ku ardwazi tu, karatasi iko gali, na yeye alibomoa madaftari ya kanisa kutengeneza anvelope, Padri akamukalipia, akaomba musamaha na barua nzuri, akabomoa ingine. Mutoto mwenye anasahau kuandika mahali alichapwa, hata kama barua yake ilikuwa ya kumulilia marehemu. Niliona ile na haikunifurahisha. Na aliimba misa na sauti ya mbuzi.

Kisha ba Padri balileta vitabu ya kuchapwa, nyingi, na Moniteri akatumwa kufundisha upande wa Walikale, karibu na kwao, safari ya kulala njiani. Ile kitabu kubwa hawakuitaka kule. Mutoto yake, ule wa mugongo, alikuwa sasa musichana mukubwa mwenye anasoma, na alibakia kwetu kumusaidia koko yake. Kitabu ilibakia naye. Iliwekwa juu ya moshi pamoja na mahindi.

Hapa njo mende inaingia mu hadisi. Gundi ya muhogo ni chakula, na mende haina haya.

Ilikuwa mangaribi, karibu ya mwisho wa ile miaka ya makumi tano. Nilikuwa inje natia mupini mu jembe. Musichana alishusha kitabu kumuchekesha koko yake, juu magoti yake yalimukataza kutoka. Mama yangu hakuikataa: mulango ya mwisho ilikuwa imefungwa, kila muntu alijua. Alivuta kamba ya ng'ombe, akacheka kama mutoto. Musichana akageuza ukurasa, na mulango ya mwisho ikafunguka yenyewe, ikaanguka chini. Mende ilikuwa imekula gundi yote.

Niliacha jembe. Nilitaka kusimama mbele yake, sijui kufanya nini, kumufunika. Lakini alikuwa anaangalia. Aliangalia murefu. Akasogeza kitabu ku mwangaza.

«Huyu ni dada yako,» akasema.

«Mama,» nikasema, «ni weye.»

«Sikio yangu iko wapi?»

Aliondoa kitambaa. Sikio yake ya kushoto ilipasuka chini, vipande mbili, kama mukia ya ndege. Kila muntu ya kwetu anaijua ile sikio. Na koko ya karatasi alikuwa na sikio mbili nzima, na pete mu kila moja.

«Muntu mwenye aliniona, ile njo angeona kwanza,» mama akasema. «Na weye njo uliipasua, ukinyonya. Ulivuta pete.»

Niliipasua mimi. Na mimi njo nilisema mbele ya bantu wote, ni yeye. Niliangalia tena picha. Nilitafuta mama yangu mule na sikumuona tena. Niliona dada yangu, na meno yake yenye inaachana, na uzee yenye ilikuwa haijamufikia wakati ule, na sasa ilianza kumufikia vile vile, pale pale.

Mama aliweka kidole ku midomo ya picha.

«Alimuangalia bibi yake mupaka akaona uzee yake,» akasema. Kisha alifunga tena kitambaa, na nilifikiri imeisha. «Na sisi tulikula mbuzi yake.»

Papa mukubwa alikuwa ameshakufa, hakuna wa kuita bazee. Mama hakutaka bazee. Alimuambia musichana achukue karatasi. Mimi aliniambia nifungue ile mbuzi jike yenye mimba, ya kwake mwenyewe. «Weye uko na miguu,» akasema. «Muguu ya nyuma uliikula weye.»

Njo nikaenda Walikale na mbuzi ku kamba na barua mu shati. Kama muko na mawazo ya kujionyesha muntu mukubwa, musivute mbuzi yenye mimba mu pori. Inalala njiani, inakuangalia, na bantu benye banapita banakuuliza nani kati yenu anapelekwa soko.

Nilimukuta Moniteri nyuma ya nyumba, anatengeneza fimbo ya kitunga. Mvi ilikuwa imemuingia. Dada yangu alikuwa ku mto. Nilisalimia vifungo. Ilikuwa vibaya kama zamani, na nikasikia roho yangu inauma kwa furaha. Nilimuambia yote pale pale, nimesimama, haraka, mende, sikio, dada. Sikujua kusema polepole. Aliendelea kukwaruza fimbo. Kisha nikatoa barua.

«Inatoka kwa nani?» akauliza.

«Kwa mama.»

Mukono yake yenye ilikuwa inakuja ilirudi. Aliinuka, akaingia mu nyumba, akaleta kiti, ile muzuri yenye mugongo, akaiweka pale kwenye kivuli. Kiti mutupu. Kisha yeye mwenyewe alienda ku ukuta, akatugeuzia mugongo, mimi na kiti na mbuzi, akasimama vile alikuwa anasimama mu majani.

«Soma weye, shemeki,» akasema ku ukuta. «Mimi siwezi kumuangalia.»

Nilisoma. Munajua nusu yangu ya shule. Nilisoma na kidole, kama muntu anavuka mto juu ya mawe.

«Kalembe. Kwa bwana ya mutoto yangu. Nakusalimia. Mimi niko muzima, ila magoti. Niliona koko ya nyuma ya mulango. Si mimi. Ni bibi yako mwenye anakuja. Mbuzi yako tulikula bure, na mimi nilikula, na niko na haya. Hii ni ya kwangu. Batoto bakimuandikia koko tena, umuache ajibu. Nakuuliza: uso yako iko namna gani? Sijaionaka.»

Mbuzi ilianza kula majani ya paa.

«Rudia,» akasema.

Nilidhani ni juu ya uchungu, na sauti yangu ilianza kuharibika.

«Hapana, rudia mwisho,» akasema. «Unasoma vibaya.»

Nilirudia mwisho. Aliegemeza paji ya uso ku udongo ya ukuta. Kisha alizunguka, bila kuangalia upande wa kiti, akaingia, akatoka na karto na kreyo ya kuchorea na chungu ndogo ya gundi. Alikaa chini, mugongo ku kiti. Alikata mulango kwanza, vizuri, na kisu. Aliifungua, akaifunga, akaifungua. Kisha alikaa na kreyo juu, na haikushuka.

Mule mu nyumba hamukuwa kioo. Muntu mwenye alichora Walikale yote na Masisi yote, hakujuaka kujichora.

«Shemeki,» akasema, «kuja hapa. Kaa mbele yangu. Uniambie.»

Nilikaa. Nilianza ku kifungo ya mufupa, juu njo njia yenye nilijua. Kifungo ya bati. Ile ya gauni ya dada. Kisha shingo, ndevu nyeupe kidogo, na nikainua macho yote.

«Pua iko kubwa,» nikasema.

«Ile najua,» akasema. «Endelea.»